Kiu ya saruji

Wajenzi wa madaraja wana kazi moja inayowashangaza wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza: humwaga zege chini ya maji. Huliteremsha kwa bomba refu hadi chini kabisa, likayasukuma maji na kukaa mahali pake, na huko chini, pasipo jua wala upepo, linageuka kuwa jiwe. Nguzo nyingi zinazobeba madaraja ya mitoni, ziwani na baharini zimezaliwa hivyo.

Kama zege lingepata ugumu kwa kukauka, huko chini lingebaki tope milele. Linakuwa gumu kwa sababu linakunywa. Ukilielewa vizuri jambo hili moja, umeelewa chanzo cha matatizo mengi ya nyumba zetu: sakafu inayotoa vumbi kila ikifagiliwa, lipu inayolia utupu ukiigonga kwa kidole, tofali linalomeguka pembe likishushwa tu kwenye kirikuu. Tunaipa saruji maji mengi siku ya kuchanganya, siku ambayo inahitaji machache. Halafu tunainyima maji wiki nzima inayofuata, na hapo ndipo kiu yake ilipo.

Chukua saruji kidogo katikati ya vidole. Ni laini kuliko unga wa sembe. Chembe zake nyingi ni nyembamba kuliko unene wa unywele. Maji yakiigusa chembe, uso wake huanza kuyeyuka, na ndani ya saa chache huota vijisindano na utando mzito. Vinakua hadi kukutana na vya chembe jirani, vinasokotana, vinaukumbatia mchanga na kokoto. Maji yaliyotumika katika kazi hiyo hayatoki tena. Yamekuwa sehemu ya jiwe. Ukuaji huo huwa wa kasi siku za mwanzo, kisha hupungua, lakini penye unyevu huendelea kwa miezi, hata miaka. Wahandisi wamekubaliana kuipima nguvu siku ya 28, na ile namba 32.5 au 42.5 iliyochapwa kwenye mfuko ni ahadi ya siku hiyo.

Katika kunywa huko, saruji hutoa joto. Weka kiganja juu ya zege nene lililomwagwa asubuhi, na jioni utalisikia. Wakijenga bwawa la Hoover kule Marekani katika miaka ya 1930, wahandisi walilaza ndani ya zege zaidi ya kilomita 900 za mabomba ya chuma na kupitisha maji baridi humo, kwa sababu bila hivyo zege hilo lingechukua zaidi ya karne moja kupoa, na lingepasuka njiani.

Unga huu wenye kiu unatoka wapi? Mlima wa Wazo jijini Dar es Salaam na machimbo ya Bamburi, Mombasa, ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Mawe hayo husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kisha huchomwa katika tanuri refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Hutoka vidonge vigumu vya kijivu, navyo husagwa tena pamoja na jasi kidogo. Bila jasi, zege lingeganda ndani ya dakika chache, kabla fundi hajalifikisha kwenye msingi. Jina la Portland lililo kwenye mifuko alilibuni Joseph Aspdin, fundi matofali wa Leeds, Uingereza, alipopewa hataza mwaka 1824. Aliona bidhaa yake inafanana na jiwe maarufu la Portland, kusini mwa nchi hiyo. Uchomaji huo una gharama yake kwa dunia: saruji huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mfuko unaoharibika kwa uzembe wa ndoo moja ya maji ni hasara inayopita mfuko wa mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye ndoo hiyo. Kemia ya saruji inataka maji yapatayo robo ya uzito wake, yaani lita 12 au 13 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa kiasi hicho zege lingekuwa kavu mno kusukumika kwenye kona za nondo, kwa hiyo huongezwa hadi lita 25 hivi kwa kazi ya kawaida. Simama kwenye saiti yoyote mtaani uhesabu ndoo. Maji yanapimwa kwa macho. Beleshi likipata uzito, yanaongezwa. Fundi aliye juu ya lenta akipaza sauti kwamba zege ni gumu, yanaongezwa tena. Lita 35 zinafika bila mtu kushtuka. Mwaka 1918, mjini Chicago, Duff Abrams alionyesha kwa majaribio mengi kwamba nguvu ya zege hutawaliwa zaidi na uwiano wa maji kwa saruji. Kutoka lita 25 hadi 35 kwa mfuko, unaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu au zaidi, na hakuna aliyekuibia hata kijiko cha saruji. Maji yasiyonyweka hubaki yametanda kati ya chembe. Siku yakiondoka, huacha vinjia vyembamba visivyohesabika. Hivyo ndivyo vinavyopandisha unyevu ukutani, vinavyoingiza chumvi na hewa hadi kwenye nondo, na vinavyoifanya sakafu ipukutike.

Simlaumu saidia fundi. Kugeuza zege zito kwa beleshi chini ya jua ni kazi ya kuvunja mgongo, na maji ndiyo nafuu pekee aliyopewa. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuleta ndoo ya lita 20 yenye alama, na kukubaliana na fundi tangu asubuhi: ndoo moja na robo kwa mfuko, pungufu ya hapo kama mchanga umenyeshewa. Ikibidi zege liwe laini zaidi, ongeza saruji na maji kwa pamoja. Zege linalofaa, ukilimwaga kutoka kwenye karai, hukaa kilima kisha hushuka taratibu. Ukiona maji ya kijivu yanatangulia pembeni, ujue saruji yako inaondoka nayo. Na zege lililochanganywa kabla ya chakula cha mchana lisirudishwe uhai kwa kumwagiwa maji baada ya chakula. Vile vijisindano vimeshaanza kushikana; ukivivunja na kuvizamisha, havirudi vilivyokuwa. Kwa joto la pwani, limalizeni ndani ya saa moja.

Kazi ikishakamilika na mafundi wakalipwa, ndipo saruji inapoomba maji, na mara nyingi hakuna mtu. Zege lililoachwa juani bila kumwagiliwa linaweza kuishia na karibu nusu tu ya nguvu ambayo lingeipata. Uso ndio unaoumia kwanza, kwa sababu ndio unaopigwa na jua na upepo. Anza mara tu uso unapokuwa mgumu kiasi cha kutochorwa na kidole, jioni ile ile au alfajiri ya pili yake, uendelee kwa siku saba zisizokatika. Mifuko mingi inayouzwa madukani kwetu imechanganywa na majivu ya volkano au unga wa mawe ya chokaa, na hasa ile yenye majivu hukomaa taratibu zaidi, kwa hiyo wiki mbili ni bora. Kunyunyiza asubuhi na kuondoka hakutoshi. Kinachotakiwa ni zege lisikauke kabisa katika siku hizo. Kwenye jamvi, zungushia kingo za mchanga na uache maji yatuame kimo cha vidole viwili. Nguzo ifunge kwa magunia ya katani yaliyolowa, kisha nailoni juu yake. Mahali ambapo maji yananunuliwa kwa dumu, lowesha mara moja uifunike nailoni barabara, pembe zote zikandamizwe kwa mawe: unyevu uliomo utabaki humo ukifanya kazi yake.

Lipu nayo ina habari hiyo hiyo. Tofali kavu lina kiu ya maji, na lipu ikibandikwa juu yake hunyonywa kabla haijashika. Inabaki imesimama tu kama ngozi, imeachana na ukuta. Lowesha ukuta kwanza hadi uache kunyonya kwa pupa. Na sakafu inayotoa vumbi haiponi kwa kupigwa niru juu yake. Niru nyembamba juu ya zege dhaifu hubanduka na kuondoka na tabaka la chini. Chimbueni uso dhaifu hadi mfike kwenye zege gumu, mkwaruze, mfagie, mloweshe, ndipo mmwage sakafu mpya yenye unene wa kutosha, sentimita nne au zaidi.

Kwenye matofali ya saruji, hesabu yenyewe inatosha kukupa jibu. Tofali zima la inchi sita, urefu inchi 18 na kimo inchi tisa, lina ujazo wa karibu lita 16. Mfuko wa saruji unajaza lita 35 hivi. Mfyatuaji anayejivunia kutoa matofali 50 kwa mfuko mmoja ametumia mchanga wa lita 800 au zaidi, yaani zaidi ya sehemu 20 za mchanga kwa sehemu moja ya saruji, wakati kipimo cha tofali la kubeba nyumba ni sita, labda nane. Kabla hujalipa, kwaruza pembe kwa msumari, kisha angalia ardhi ya hapo kiwandani. Kama matofali yamepangwa juani na mchanga unaoyazunguka umekauka, hayajanywa.

Mchanga pia upimwe. Tia mchanga nusu chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope litatulia juu kama utando. Likifikia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, lirudisheni lori. Mifuko ya saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike kabla ya miezi mitatu, kwani inakunywa hata unyevu wa hewani. Donge linalovunjika kwa vidole halina neno; lisilovunjika limeshakuwa jiwe.

Mchanga wa baharini ni hadithi nyingine, na inasikitisha. Saruji ikinywa maji hutengeneza ndani ya zege hali ya chokaa kali, ile inayochoma mikono ya mafundi, nayo hukivika chuma kinga kisishikwe na kutu. Chumvi huivunja kinga hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi likapasuka kufuata mstari wa nondo, na mwisho vipande vikaanguka kutoka darini. Utaona dari za namna hiyo pwani yote. Kuzipiga lipu upya ni kuficha tu. Zege lililolegea lazima liondolewe, nondo isuguliwe hadi ing'ae, iliyolika iongezewe nyingine. Na wakati wa kujenga, nondo zisilazwe juu ya mbao. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili zifunikwe kwa sentimita mbili na nusu angalau, na zaidi kwa nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari.

Kabla ya saruji, pwani hii ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani bado una baadhi ya kuba zake zilizosimama hivyo. Chokaa hupata ugumu kwa njia tofauti: huvuta tena taratibu ile hewa ya ukaa iliyofukuzwa mawe yake yalipochomwa tanurini, ikawa jiwe tena, na ukuta wake hubaki wa kupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni na kuondoka na upepo. Mwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe au Lamu akichoshwa na lipu inayopukutika, akapiga saruji juu yake, amefunga mlango wa unyevu huo. Unapanda juu zaidi pamoja na chumvi, na baada ya misimu michache ya mvua saruji inabanduka na kung'oa jiwe la ndani. Ukuta kama huo uvuliwe saruji yote, uachwe ukauke kwa miezi, kisha urudishiwe chokaa. Chokaa hiyo ilowekwe shimoni wiki kadhaa, ichanganywe na mchanga safi usio na chumvi, moja kwa tatu, ipigwe kwa matabaka membamba, na kila tabaka lifunikwe kwa gunia bichi siku chache, kwa kuwa nayo haitaki kukaushwa haraka na jua.