Tusingoje Daraja Lianguke

Mto Mara haungoji bajeti ya mtu. Maji yake huanza safari katika misitu ya Mau nchini Kenya, yakavuka mbuga za Wamasai, yakaingia Tanzania katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yakapita kati ya Wilaya za Tarime na Serengeti, kisha yakatanda katika kinamasi kikubwa kabla ya kumwagika katika Ziwa Victoria. Safari hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 395, na karibu theluthi mbili ya bonde lake liko upande wa Kenya. Ndiyo maana hutokea mbingu za Mugumu zikawa nyeupe, bila hata wingu moja, na mto ukafurika kwa mvua iliyonyesha mbali. Anayesubiri kuyaona mawingu ndipo akakague daraja lake amekwisha kuchelewa.

Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo halipigiwi ngoma wala halikatiwi utepe, nalo ni matengenezo ya barabara za vijijini na madaraja yaliyozeeka katika wilaya hizo mbili. Tunaandika tukiwa na watu wawili mbele yetu: mtumishi wa Serikali ambaye kazi hiyo imo katika dhamana yake, na mwananchi wa visiwani ambaye pengine anadhani kwamba haimhusu.

Tuanze na huyu wa visiwani. Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Rukuba wanaweza kuuliza: kalvati la Tarime linatuhusu nini sisi tunaosafiri kwa mitumbwi na vivuko? Linawahusu kwanza kwa chakula. Milima ya Tarime hupata mvua ya kutosha kwa ndizi, mahindi na kahawa, na tambarare za Serengeti zina mifugo na nafaka. Mazao hayo hushuka hadi Musoma na Bunda kwa barabara, na mengine huendelea hadi Kisorya, yakavuka maji kwenda Rugezi na Nansio. Barabara ya mlimani ikikatika, bei ya mkungu wa ndizi hupanda sokoni kabla hata habari ya kukatika kwake haijafika.

Linawahusu pia kwa fedha. Kila anayenunua petroli au dizeli katika nchi hii hulipa, ndani ya bei ya lita, tozo inayokwenda katika Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 katika kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mvuvi wa Ukara anayejaza tangi la injini ya mtumbwi wake alfajiri, kabla hajavua hata sato mmoja, amekwisha kuchangia barabara ambazo hajapata kuzikanyaga. Basi si mgeni katika shauri hili. Ni mlipaji, na mlipaji ana haki ya kuuliza fedha yake imefanya kazi gani.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tangu mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zimekabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Wa kwanza unahudumia kilomita zipatazo 36,000, wa pili zaidi ya kilomita 140,000, na nyingi kati ya hizo ni za udongo mtupu. Hapana shaka mzigo huo ni mkubwa. Lakini ukubwa wa mzigo ndio unaotaka mpango. Haumpi mtu ruhusa ya kukaa akingojea maafa.

Daraja halifi siku linapoanguka, huwa limekwisha kufa zamani. Kwanza matawi na magugu huziba mdomo wa kalvati. Maji yakikosa njia yake ya haki hutafuta nyingine, yakapanda juu ya barabara au yakapekua udongo ubavuni. Kisha mto huchimbua chini ya nguzo, kidogo kidogo, mahali ambapo macho ya dereva hayafiki. Wachimbaji wa mchanga wakija kuchota karibu na msingi, wanaisaidia kazi hiyo ya mto. Zege hupata nyufa, maji huingia, nondo huota kutu na kuvimba, na zege humeguka. Kingo za chuma nazo hung'olewa usiku zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Siku lori linapotumbukia watu husema, “Daraja limevunjika leo.” Ukweli ni kwamba lilivunjika mwaka hata mwaka, mbele ya macho yetu, na kila hatua ingeweza kuzuiwa kwa jembe, koleo na mifuko michache ya saruji.

Uzito wa magari nao una hesabu yake. Jaribio kubwa lililofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, liliwaonyesha wahandisi kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Lori moja lililojazwa mchanga kupita kiasi hubomoa kuliko msururu wa pikipiki na magari madogo ya siku nzima. Katika eneo kama Nyamongo, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara umevuta magari mazito kwa zaidi ya miaka 20, hesabu hiyo haiwezi kupuuzwa. Mizani ziko katika barabara kuu. Katika njia za vijijini mizani ni kibao kinachotaja uzito unaoruhusiwa darajani, na mtendaji asiyeogopa kukitekeleza.

Wako watakaosema kwamba matengenezo ni gharama ambayo nchi maskini haiimudu. Hesabu zinasema kinyume. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, iliyotolewa na Benki ya Dunia, ilieleza kwamba Afrika ingetumia dola bilioni 12 kwa matengenezo ya wakati wake, ingejiokoa na gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika katika mwongo mmoja. Taifa letu lilionja uchungu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 barabara zetu nyingi zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba mwaka 1990 ilibidi kuanza mradi mkubwa wa kuzifufua kwa misaada na mikopo. Maskini ndiye asiyemudu kuacha kutengeneza.

Katika mkoa wa Mara kuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, wananchi walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika wakakaa pamoja, ili shule, zahanati, maji na barabara viwafikie. Wengi waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao kwa ahadi hiyo. Barabara ya kijiji, kwa hiyo, ni sehemu ya agano kati ya mwananchi na dola yake. Pale ambapo mama mwenye uchungu wa uzazi anabebwa kwa machela hadi ng'ambo ya mto kwa kuwa gari la wagonjwa haliwezi kuvuka, agano hilo limevunjwa, hata kama zahanati imejengwa na kupakwa rangi.

Mtu wa kisiwani atauelewa msiba huo upesi kuliko mtu wa mjini. Kijiji ambacho daraja lake limezolewa na maji ni kisiwa. Tofauti ni kwamba wakazi wake hawana mtumbwi. Wanafunzi hubaki upande mmoja na mwalimu upande wa pili, na maziwa huchacha yakiwa yanatazamana na soko.

Tukiri kwamba kazi kubwa imefanyika. Daraja jipya la zege juu ya Mto Mara, kati ya Tarime na Serengeti, lililojengwa mwishoni mwa mwongo wa 2010, limeziunganisha wilaya ambazo kwa miaka mingi zilitenganishwa na mafuriko. Barabara ya lami ya kutoka Tarime kuelekea Mugumu imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, na vivyo hivyo ile ya kutoka Makutano kupitia Sanzate na Natta. Hayo ni matunda ya kujivunia. Lakini daraja kubwa jipya hulishwa na njia ndogo za zamani. Mkulima hafiki katika Mto Mara kabla hajavuka kwanza kijito cha kijijini kwake, na kijito hicho ndicho chenye kalvati lililopasuka. Daraja jipya nalo litazeeka. Lisipotunzwa, wajukuu wetu watasimama ukingoni kama walivyosimama babu zetu.

Nini basi kifanyike? Tunayo mambo manne ya kuyaweka mbele ya viongozi wa wilaya, halmashauri na wakala zinazohusika.

La kwanza ni ukaguzi kabla ya mvua. Kila daraja na kila kalvati lipewe namba, likaguliwe kabla ya vuli na kabla ya masika, na orodha ya hali yake ibandikwe katika ofisi ya kata ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulifundisha kwamba maendeleo ya watu yafikiriwe, yapangwe na yatekelezwe na watu wenyewe pamoja na viongozi wao. Mtu hawezi kushiriki katika jambo analofichwa.

La pili ni mawe. TARURA imekwisha kuonyesha, hasa mkoani Kigoma kwa ushirikiano na shirika la Ubelgiji, kwamba daraja la upinde wa mawe linaweza kujengwa kwa gharama ndogo sana kuliko la zege na nondo. Upinde wa jiwe hauna chuma cha kuota kutu, na mafundi wake hupatikana kijijini baada ya mafunzo. Milima ya Tarime imejaa mawe. Inasikitisha kuona kijiji kilichozungukwa na mawe kikingoja nondo kutoka mbali.

La tatu ni fedha za mgodi. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupokea ushuru wa huduma, na sheria ya madini inamtaka mwenye mgodi kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Aghalabu fedha za namna hiyo hukimbilia majengo mapya, kwa sababu jengo lina picha nzuri ya uzinduzi. Tunashauri sehemu iliyotajwa wazi itengwe kila mwaka kwa matengenezo peke yake, isiguswe kwa jambo lingine.

La nne ni kazi ya wananchi. TARURA imeanza kuvipa vikundi vya kijamii kazi ndogo za kufyeka majani na kuzibua mitaro kwa malipo. Jambo hilo lienezwe katika kila kata, na vijana na akina mama wa vijiji vinavyopitiwa na barabara wapewe nafasi ya kwanza. Hapa tuseme ukweli bila kificho: mwananchi asiitwe kujitolea kwa kazi ambayo fedha yake imekwisha kulipwa kwa mkandarasi. Kujitegemea hakukuwa kamwe kumfanyisha mnyonge kazi ya bure ili mwingine ajaze mfuko.

Wananchi nao wana wajibu. Wapo wanaolima hadi ukingoni mwa mtaro, wanaopitisha ng'ombe juu ya tuta la barabara mpaka mgongo wake ukabomoka, na wanaowaficha wezi wa kingo za madaraja kwa kuwa ni jamaa zao. Wakurya wanalo baraza lao la jadi, iritongo, ambalo tangu zamani limeamua mashauri ya wizi na usalama. Anayeng'oa chuma cha daraja amewaibia watu wa ukoo mzima, na angefaa kuhukumiwa hivyo mbele ya wazee kabla hajafikishwa mahakamani.

Kama kuna anayetaka mfano wa utunzaji, asiende mbali. Avuke maji hadi Ukara. Kisiwa kile kidogo chenye watu wengi kimewalisha wakazi wake kwa vizazi na vizazi kwa sababu Wakara huwalisha ng'ombe zizini, hurudisha samadi shambani na huzuia udongo kwa makinga ya mawe. Hawangoji shamba life ndipo walitibu. Mwenye chombo naye hangoji kizame ndipo akikalafati. Mazoea hayo ya visiwani ndiyo tunayotaka yapande milimani na kuingia katika ofisi zetu.

Kiongozi apimwe kwa idadi ya madaraja yaliyosimama baada ya masika, sawasawa na anavyopimwa kwa idadi ya yale aliyoyafungua. Tunawaomba madiwani wa Tarime na Serengeti waiweke ajenda hiyo katika vikao vyao vya robo mwaka, na wakuu wa wilaya waitolee taarifa hadharani. Mvua hairudishwi kwa barua, na mto ulioanza safari Mau hautasimama mpakani kuuliza kama makalvati yetu yamezibuliwa.