Ziwa Kivu Halipendi Haraka

Siku hizi mtu akianza safari, neno lake la kwanza ni hili: "Tutafika saa ngapi?" Mwanafunzi mmoja aliuliza vivyo hivyo asubuhi moja huko Kalehe, ukingoni mwa ziwa Kivu. Alikuwa akirudi kwao Idjwi kwa likizo, naye alikuwa amekwisha kuketi ndani ya mtumbwi na sanduku lake. Mzee mwenye kasia hakumjibu upesi. Alitazama mawingu juu ya milima, akatazama maji, kisha akasema: "Mwanangu, uliza kwanza kama tutafika." Akauvuta mtumbwi nchi kavu, akakaa kungoja.

Kijana alikasirika. Maji yalikuwa yametulia. Alitaka kuondoka mara moja. Lakini wenyeji wa ziwa hawadanganywi na utulivu huo. Kivu ni ziwa la milimani, kimo cha mita 1460 hivi juu ya bahari. Halina mamba, kwa hiyo wageni hulidharau. Walakini kina chake chapita mita 480, na wakati wa masika tufani hushuka ghafula toka milimani, maji yaliyotandazwa kama mkeka yakainuka. Mtumbwi uliojaa hauna nguvu ya kushindana nayo.

Mvua ilikuja kweli. Kijana akajibanza chini ya paa la nyasi pamoja na wavuvi waliorudi toka kazi ya usiku. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alianza kutazama. Aliona mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na wavu ukianikwa. Aliuliza, wakamweleza: usiku huwasha taa, samaki wadogo wakaufuata mwanga, ndipo wavu huinuliwa. Samaki hao ndio sambaza, anaowala nyumbani tangu utoto. Hakujua kwamba zamani hawakuwamo katika Kivu. Waliletwa toka ziwa Tanganyika katika miaka ya 1950. Akamsaidia mama mmoja kusogeza kikapu chake mahali pakavu, na katika kuzungumza wakagundua kwamba mama yule alimjua nyanya yake.

Mvua ilipokoma, walivuka salama. Safari ilichelewa kwa saa mbili. Lakini kijana alifika kwao na habari za kusimulia, na salamu za kumpelekea nyanya yake.

Tusifikiri kwamba haya ni maneno ya wazee tu. Tarehe 3 Oktoba mwaka wa 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na wengi walikufa mbele ya macho ya waliokuwa ufukoni. Tusiwahukumu marehemu wale. Vita ilikuwa imefunga barabara, na wengi hawakuwa na njia nyingine ya kwenda kuuza na kununua. Anayelazimishwa na shida si mwenye haraka ya kiburi. Bali sisi tulio na nafasi ya kungoja chombo kingine, tutajibu nini mbele ya Mungu kama tunajisukuma ndani ya kile kilichokwisha kujaa? Na mwenye chombo anayepokea abiria mmoja zaidi, kisha mwingine tena, kwa ajili ya nauli, anaweka roho za watu katika mizani pamoja na fedha.

Bwana wetu mwenyewe alisafiri kwa miguu na kwa mashua. Katika njia ya Emau alitembea na wanafunzi wawili kwa mwendo wao, akawasikiliza huzuni yao, akawafafanulia Maandiko. Hakuwapita mbio ili awahi mbele. Kama wangekimbia, mazungumzo yale yangekuwa wapi?

Basi, ninyi wazazi, msimpeleke mtoto ziwani kabla ya kutazama anga, wingi wa abiria, na kama ana vazi la kuelea majini. Ninyi wanafunzi, mkichelewa, msinung'unike. Wasalimuni mlio nao, ulizeni majina ya vilima na vijiji, mchukulieni mzee mzigo wake. Wenye vyombo nao wakumbuke kwamba kila abiria anangojewa na mtu nyumbani.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Yule mzee wa Kalehe aliijua methali hii kwa mikono yake. Hata leo, mwanafunzi wake wa asubuhi ile anapofika ufukoni, hutazama kwanza mawingu, ndipo huuliza saa.