Iran na dini zilizotajwa kwenye Katiba

Nchini Iran, taifa la watu zaidi ya milioni 80 ambao sehemu kubwa kabisa ni Waislamu wa Shia Ithnaasheri, hali ya mtu wa dini nyingine haitegemei sana wenzake wako wangapi. Inategemea kama dini yake imetajwa katika ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1979. Ibara hiyo inataja makundi matatu, Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo, na kusema kwamba hao peke yao ndio jamii ndogo za kidini zinazotambuliwa. Wana ruhusa ya kufanya ibada zao, kufundishana dini yao, na kuoana, kuachana na kurithiana kwa taratibu zao wenyewe, alimradi wasivuke mipaka ya sheria za nchi. Dini isiyotajwa humo haina haki ya kudai hayo.

Kutajwa kuna faida inayoonekana. Ibara ya 64 inawatengea watu hao viti vitano katika Bunge la wabunge 290: kimoja cha Wazoroasta, kimoja cha Wayahudi, kimoja cha Wakristo Waashuri pamoja na Wakaldayo, na viwili vya Waarmenia, yaani kimoja cha kaskazini na kimoja cha kusini. Msomaji wa Tanzania asivichanganye na viti maalumu vya kwao. Hapa hakuna chama kinachopeleka majina. Myahudi wa Shiraz na Myahudi wa Tehran humpigia kura mgombea wa jamii yao popote walipo. Wala mpango huu haukubuniwa na Jamhuri ya Kiislamu. Asili yake ni vuguvugu la kudai katiba lililoanza mwaka 1905, enzi za wafalme wa Qajar.

Wazoroasta ndio wenyeji wa zamani zaidi. Dini yao ilikuwa dini ya dola ya Uajemi hadi majeshi ya Waislamu yalipoiangusha katika karne ya 7. Baadhi yao walikimbilia Gujarat, India, na wajukuu zao ndio Waparsi, ambao wachache walifika hadi Zanzibar. Mwanamuziki Freddie Mercury alizaliwa humo mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi. Waliobaki Iran walijikusanya Yazd na Kerman, miji ya kando ya jangwa, wakilipa jizia, kodi ya wasio Waislamu, kwa karne nyingi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1882 na Mfalme Naser al-Din Shah, baada ya Mparsi mmoja wa Bombay, Maneckji Limji Hataria, kuhangaika nayo kwa karibu miaka 30.

Leo Yazd ina hekalu la moto lililojengwa mwaka 1934 kwa msaada wa Waparsi wa India. Mgeni huutazama moto kupitia kioo, ukiwaka ndani ya chombo kikubwa cha shaba, na kuhani huja kuuongezea kuni za mlozi na za mti wa aprikoti. Inasemekana moto wenyewe haujazimika tangu karibu mwaka 470. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu Wazoroasta 25,000 na ushei katika nchi nzima.

Mjini humo humo ndiko mipaka ya haki zao ilikopimwa. Sepanta Niknam, Mzoroasta, alichaguliwa diwani wa Yazd mwaka 2013 na kuchaguliwa tena mwaka 2017. Safari hii mgombea Mwislamu aliyeshindwa alilalamika. Ayatollah Ahmad Jannati, mwenyekiti wa Baraza la Walinzi wa Katiba, chombo kinachokagua sheria, alikuwa ameshatoa waraka kwamba asiye Mwislamu hafai kugombea udiwani mahali ambapo wapiga kura wengi ni Waislamu, na mahakama ya utawala ikamsimamisha Niknam. Bunge lilisimama upande wake. Mvutano uliendelea mpaka Julai 2018, Baraza la Maslahi ya Dola, linalosuluhisha mivutano ya aina hiyo, lilipoamua kwamba watu wa dini zinazotambuliwa wanaweza kugombea, naye akarudi kitini. Wengi wa waliompa kura katika mji ule walikuwa Waislamu, jambo ambalo linasema mengi kuliko waraka wenyewe.

Wayahudi wa Iran nao wana historia ndefu kuliko Uislamu nchini humo. Walifika nyakati za uhamisho wa Babeli, na mjini Hamadan kuna kaburi linaloheshimiwa kuwa la Esta na Mordekai wa Biblia. Kabla ya mapinduzi ya 1979 walikadiriwa kuwa 80,000 hadi 100,000. Mei mwaka huo mfanyabiashara Habib Elghanian, mmoja wa vinara wao, aliuawa kwa hukumu ya mahakama ya kimapinduzi. Wazee wao wakafunga safari hadi Qom kumwona Ayatollah Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, naye akatamka kwamba Wayahudi wa Iran ni kitu kimoja na Uzayuni ni kingine. Tamko hilo lilikuwa ngao yao. Hata hivyo wengi waliondoka, na sensa ya 2016 ilikuta hawafiki 10,000. Waliobaki wana masinagogi, bucha zao na hospitali ya Dr. Sapir jijini Tehran, ambayo wagonjwa wake wengi ni Waislamu.

Kwa Wakristo, asili ndiyo inayoamua. Waarmenia wa Isfahan waliletwa na Shah Abbas wa Kwanza mwaka 1604 na 1605, alipoihamisha kwa nguvu jamii nzima ya Julfa, mji wa kwenye mto Aras, ili biashara ya hariri ihamie karibu na ikulu yake. Aliwapa mtaa wao, Julfa Mpya. Kanisa lao kuu la Vank lina kuba mithili ya msikiti lenye msalaba mdogo juu, na ndani kuta zake zimejaa picha za Biblia. Katika mtaa huo ndipo kilipochapwa mwaka 1638 kitabu cha kwanza katika ardhi ya Iran, Zaburi kwa Kiarmenia. Wajukuu wao wanasali kwa Kiarmenia bila kusumbuliwa, na sheria haiwaadhibu kwa kunywa mvinyo majumbani mwao.

Mwislamu anayebatizwa yuko katika hali nyingine kabisa. Huyo huhesabiwa kuwa ameritadi. Ibada kwa Kiajemi zimezuiwa makanisani, kwa hiyo Wakristo wa aina hiyo hukutana majumbani kwa siri. Mchungaji Yousef Nadarkhani alihukumiwa kifo mwaka 2010 kwa kuritadi, na mwaka 2012 akafutiwa shtaka hilo baada ya kelele nyingi kutoka nje.

Hata anayetambuliwa si sawa na Mwislamu katika kila jambo. Mpaka mwaka 2004 dia, yaani fidia ya damu, ya Mkristo, Myahudi au Mzoroasta ilikuwa pungufu, ndipo ikasawazishwa. Katika mirathi, mtoto mmoja aliyesilimu anaweza kuchukua urithi wote na kuwaacha nduguze mikono mitupu.

Wasuni, ambao wengi ni Wakurdi, Waturkmeni na Wabulushi, wanahesabiwa Waislamu, na ibara ya 12 inaagiza madhehebu yao yaheshimiwe. Wabulushi hawa ni ndugu wa wale walioletwa Mombasa kuwa askari wa masultani wa Oman. Lakini rais lazima awe Shia, na Wasuni wa Tehran wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hawapewi kibali cha kujenga msikiti wao, wakaishia kuswali katika kumbi na nyumba.

Kisha kuna wasiotajwa. Wamandayo, wanaobatizana katika mto Karun mjini Ahvaz, wanaaminiwa na wengi kuwa ndio Wasabai waliotajwa ndani ya Kurani, lakini Katiba haina jina lao. Wakurdi wa dini ya Yarsan, wengi wao wa Kermanshah, wanaandikwa Waislamu wapende wasipende.

Kundi jingine kubwa la wasiotajwa ni Wabahai. Wanakadiriwa kufika 300,000, zaidi ya Wazoroasta na Wayahudi wakijumlishwa. Dini yao ilichipuka Iran kwenyewe: kijana wa Shiraz aliyejiita Bab alitangaza ujumbe wake mwaka 1844, akauawa Tabriz mwaka 1850, na Bahaullah akaja kudai kuwa ndiye mtume aliyetabiriwa. Hapo ndipo penye shida. Wayahudi na Wakristo walimtangulia Mtume Muhammad, hivyo wanaingia katika watu wa Kitabu. Mtume baada yake ni jambo ambalo maulamaa hawalikubali hata kidogo.

Hata enzi za Shah, kabla ya mapinduzi, hawakuwa salama. Mwaka 1955 kuba la makao yao Tehran lilibomolewa huku maofisa wa jeshi wakishiriki. Hekalu walilokusudia kulijenga Tehran likashindikana, na badala yake wakajenga moja Kampala, juu ya kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa Januari 1961 na ambalo ni la kwanza la dini hiyo barani Afrika. Baada ya mapinduzi mambo yalizidi. Jumuiya zao zilipigwa marufuku mwaka 1983, na Juni mwaka huo wanawake kumi walinyongwa Shiraz. Vijana wao wamefungiwa milango ya vyuo vikuu, nao mwaka 1987 wakaanzisha masomo yao ya juu yanayofundishwa sebuleni na kwa njia ya posta, na baadaye intaneti.

Mwaka 2020 fomu ya kitambulisho cha taifa iliondolewa nafasi ya "dini nyinginezo", zikabaki Uislamu na zile tatu. Mbahai haruhusiwi na dini yake kuikana imani, kwa hiyo hana pa kuweka alama. Na bila kitambulisho hicho, hata shughuli za benki zinakwama.