Kusomesha darasa la watu tofauti: tofauti iko wapi?



Kuna fundisho moja linazunguka sana ku semina za walimu na ku simu zetu: eti wanafunzi wamoja ni wa macho, wengine wa masikio, wengine wa mikono, na mwalimu anapaswa kumupa kila mumoja kwa njia yake. Linasikika tamu, lakini uhakika wake ni kidogo sana. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walichunguza tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mutu anaelewa zaidi akisomeshwa kwa «mtindo wake». Mutu anaweza kupenda picha kuliko maneno, ndiyo. Ila kupenda na kuelewa ni vitu viwili.

Je, wanafunzi wote ni sawasawa basi? Hapana hata! Tofauti ziko, tena kubwa, ila tunazitafuta fasi isiyo yake.

Ya kwanza ni lugha. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kusomeshea, lakini inatambua pia lugha za taifa na lugha za mazingira kama chombo cha kusomesha. Fika sasa ku chuo kikuu: mutoto wa Bukavu mjini aliyeongea Kifaransa nyumbani na mwenzake aliyetoka Shabunda wanakaa benchi moja, profesa anasoma silabusi, wote wanakopia. Anayekopia haraka njo anaitwa mwenye akili. Yule mwingine anakosa pointi, anarudilia mwaka, na familia inalipa minervali mara ya pili. (Na bei ya silabusi yenyewe, tuiache siku ingine.)

Ya pili ni yale mutu alijua mbele ya kuingia darasani. Mimi nilisoma agronomia, acha nitoe mufano wa udongo. Silabusi inakupa pembetatu yenye asilimia za mchanga, za mfinyanzi na za udongo laini wa katikati. Wengi wanaikariri, ikisha wanaisahau. Lakini leta udongo darasani, ulowanishe, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada: wenye mfinyanzi mwingi unatoa utepe mrefu, wa mchanga unavunjika papo hapo, ule laini unateleza kama unga. Hapo mutoto aliyelima na mama yake tangu zamani anaanza kuongea, juu udongo huo anaujua, tena ana majina yake. Ikisha pembetatu inakuja, na yule wa mjini mwenye kusoma grafu vizuri anamuonyesha mwenzake namna ya kuisoma.

Muangalie vizuri: sijasema udongo ni wa «wanafunzi wa mikono». Wote wanaugusa, juu udongo ni kitu cha kugusa. Ramani inataka macho ya kila mutu, na matamshi ya Kiingereza yanataka masikio ya kila mutu. Njia inatoka ndani ya somo lenyewe.

Najua walimu watajibu: oditwari ina watu mia tatu, nitafanya namna gani? Hakuna mutu anakuomba njia mia tatu. Uliza swali moja, uwape dakika kumi, kila mumoja amueleze jirani yake kwa Kiswahili ao kwa Mashi, ikisha wajibu kwa Kifaransa. Haiombe franka hata moja.

Mitihani pia inapaswa kuguswa. Ukiniuliza «eleza maana ya mozaiki ya muhogo», nitakuandikia fraza nilizokariri. Nipe jani lililojikunja, lenye mabaka ya manjano, uniulize ugonjwa umeingia shambani namna gani: ni inzi weupe, ao ni vijiti vilivyoombwa kwa jirani kwa kupanda? Na ningeangalia nini shambani ili nijue? Hapo utaona nani ameelewa, hata kama Kifaransa chake kinachechemea.