Hedifoni za mashine ya dhahabu: pima kuchelewa kwa sauti kabla ya bei

KIGOMA — Mwenye mtaji mdogo anayenunua mashine ya kutafutia dhahabu kwa maelfu ya dola hukagua koili, betri na dhamana. Hedifoni huachwa za mwisho, na ni rahisi kuchukua zilezile za simu zinazouzwa madukani Mwanga, mradi hazina waya. Hapo ndipo mtaji huanza kuvuja bila mwenyewe kujua.

Mashine hizi hazionyeshi dhahabu kwa macho. Zinatoa mlio. Kipande kikubwa hupiga kelele hata kwenye spika, lakini punje ndogo iliyo chini kidogo hubadilisha tu mvumo hafifu ambao mashine hutoa muda wote. Mchimbaji asipousikia mvumo huo ukitikisika, atapita juu ya mali na kuendelea na safari. Kwenye ufuko wa ziwa, ambako upepo na mawimbi havinyamazi, na kwenye machimbo yenye karasha na jenereta, spika peke yake haitoshi. Kwa hiyo hedifoni ni sehemu ya mashine.

Soko liko wapi

Mteja wa Kigoma hutazama kusini, njia ya Uvinza hadi Mpanda. Eneo la Mpanda lina historia ndefu ya madini. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wako Katavi, kama walivyo Chunya na Geita. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kuna machimbo ya Misisi wilayani Fizi.

Kuna mteja wa pili, naye ni wa ndoto: mtafutaji wa "mali za Mjerumani". Habari hizo zina chembe ya ukweli. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Julai mwaka huohuo waliizamisha wenyewe meli ya Graf von Götzen kabla Wabelgiji hawajaichukua Kigoma. Meli hiyo iliibuliwa mwaka 1924 na ndiyo Liemba ya leo. Lakini kutoka sarafu za Tabora hadi masanduku ya dhahabu yaliyozikwa Ujiji ni mbali sana, na mwekezaji makini hajengi hesabu yake juu ya masanduku hayo.

Milisekunde zinazokula faida

Hedifoni zisizo na waya hupokea sauti kwa redio, na kazi ya kuigeuza sauti na kuirudisha huchukua muda. Muda huo hupimwa kwa milisekunde. 1,000 kati yake ni sekunde moja. Kwa anayesikiliza muziki hakuna tatizo. Kwa anayepeperusha koili, kuna tatizo kubwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue koili inayokwenda mita moja kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida huweza kuchelewa milisekunde 200 au zaidi. Katika muda huo koili imeshasogea sentimita 20 mbele ya punje. Mchimbaji akipeperusha kutoka kushoto, husikia mlio sentimita 20 kuliani. Akirudi kutoka kulia, husikia sentimita 20 kushotoni. Punje moja inakuwa na alama mbili zilizoachana sentimita 40. Shimo linalotakiwa kuwa la upana wa sufuria linakuwa la upana wa karai, na jasho linaongezeka kwa kila mlio, hata ule wa msumari.

Hasara ya pili haionekani. Hedifoni nyingi za simu hujizima au hukata sauti ndogo ili kutunza betri. Ule mvumo hafifu ambao mchimbaji anautegemea huchukuliwa kuwa ni ukimya, ukakatwa. Mchimbaji hudhani ardhi haina kitu.

Aina tatu za kuchagua

Ya kwanza ni hedifoni za waya. Hazicheleweshi, hazihitaji chaji na bei yake ni ya chini. Ubaya wake ni waya kunasa kwenye miti na kukatika kwenye pini. Kwa mwenye mtaji mdogo, hizi ndizo kipimo: ambaye hajawahi kuzitumia hana cha kulinganishia.

Ya pili ni Bluetooth yenye mfumo wa aptX Low Latency, ambao hupunguza kuchelewa hadi milisekunde 40 hivi, yaani sentimita 4 kwa mwendo uleule. Kampuni ya Minelab ya Australia imetumia mfumo huu kwenye baadhi ya mashine zake. Sharti ni kwamba mashine na hedifoni zote mbili ziwe nao. Upande mmoja ukikosa, zote hurudi kwenye mwendo wa kawaida wa kuchelewa.

Ya tatu ni redio ya kampuni yenyewe, isiyo Bluetooth. Garrett ya Marekani ina Z-Lynk, ambayo kampuni hiyo inaeleza kuwa huchelewa milisekunde 17, chini ya sentimita 2. XP ya Ufaransa nayo ina hedifoni zake za Deus. Mashine ya Minelab GPZ 7000 huja na kifaa kidogo cha kuvaa mwilini, WM12, chenye spika na tundu la hedifoni za waya. Ubaya wa kundi hili ni kwamba vifaa vya kampuni moja havisikilizani na vya nyingine. Zikiharibika, vipuri haviko Kigoma.

Mashine ya zamani isiyo na redio ndani yake huweza kufungwa kisambaza sauti kwenye tundu la hedifoni. Muuzaji aulize kwanza ukubwa wa tundu: milimita 6.35 au 3.5. Kisambaza sauti kikae mbali na koili, kwani mashine za kutafuta punje ndogo husumbuliwa haraka na mawimbi ya umeme ya vifaa vingine, simu ikiwemo.

Anayetafuta majini akumbuke kwamba redio hizi hazipenyi maji. Koili ikizama pamoja na kisambaza sauti, hedifoni hunyamaza. Waya usiopitisha maji ndio pekee unaofaa. Nafuu ya Ziwa Tanganyika ni kwamba maji yake si ya chumvi kama ya bahari, hivyo mashine haipigi kelele za chumvi zinazowasumbua watafutaji wa ufuko wa pwani.

Jaribio kabla ya kulipa

Mnunuzi hahitaji maabara. Achukue chubwi ya nyavu, ambayo ni risasi, akate kipande kidogo kuliko punje ya mchele na kukifukia kina cha kidole. Kwanza apeperushe kwa hedifoni za waya na kuweka alama mbili, ya kushoto na ya kulia. Kisha arudie kwa zisizo na waya, kwa mwendo uleule. Alama zikiachana zaidi, umbali ulioongezeka ndio bei halisi ya kuchelewa. Baadaye asimame dakika tano bila kupeperusha, akisikiliza mvumo. Ukikatika, hedifoni hizo hazifai kwa dhahabu.

Muuzaji anayekataa jaribio hili amejieleza. Soko la Afrika limewahi kujaa mashine bandia za Minelab, na aliyeweza kughushi mashine hashindwi kughushi maandishi kwenye boksi la hedifoni. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Mwenye kuagiza shehena nzima aulize pia TCRA kuhusu idhini ya vifaa vya redio kabla mzigo haujafika bandarini.

Siri ya mlio na mgawo

Kwa mwekezaji anayebaki mjini na kumpa kijana mashine kwa mgawo, hedifoni zina upande mwingine. Spika huita watu: mlio mmoja mzuri na eneo hujaa majembe kabla ya jua kuzama. Hedifoni huficha mlio huo kwa majirani, lakini humficha pia mwenye mashine. Anayesikia ni mmoja, na anayejua kilichopatikana ni huyohuyo.

Dawa yake si kurudi kwenye spika. Ni kwenda kazini wawili, kupima uzito siku hiyohiyo mbele ya wote, na kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baadhi ya visambaza sauti huruhusu vipokeaji viwili kwa wakati mmoja. Anayewekeza kwa mgawo akiulizie hicho kabla ya kuulizia rangi na chapa.

Mkataba huo uwe na kipengele cha ardhi. Mashine haimpi mtu haki ya kuchimba. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka leseni, na leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania. Kwa Ujiji, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kufukua mabaki ya kale bila kibali. Dhahabu iuzwe kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, mwaka ambao Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Anayepita Kibirizi usiku na punje mfukoni anahatarisha mtaji wote kwa ajili ya faida ya siku moja.

Ushauri kwa wiki hii

Muuzaji mwenye nafasi ndogo dukani aanze na hedifoni za waya za tundu zote mbili, pamoja na pini za akiba. Zisizo na waya alete chache, kwa mashine anazozijua, na kila moja aijaribu kwa chubwi kabla ya kuiweka kabatini. Mwekezaji mwenye mashine moja anunue za waya kwanza, azifanyie kazi mwezi mzima na kuandika mashimo na punje. Akihamia zisizo na waya na mashimo yakawa mapana kuliko ya mwezi ule, daftari lake litamwonyesha kwamba azirudishe dukani.