SAKAFU YA MBAO: UBAO MMOJA ULIPOTEA WAPI?



Mara hii siye wanafunzi wa darasa la tano Sayansi tunataka kuzungumza juu ya kitu kile tunakanyaga kila siku. Hapa Goma, zaidi sana tangu moto wa Nyiragongo uliposhuka mjini tarehe 17 Januari 2002, watu wengi walijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Kuchimba msingi ndani ya jiwe lile ni kazi nguvu, na simenti ni bei. Basi mbao njo ukuta, mbao njo sakafu. Lakini kununua mbao ni jambo moja, kuifahamu ni jambo lingine.

MANENO YALIYOTUKUTA

Mama wa mwenzetu mmoja anauzisha maharagi sokoni. Alichunga feza miaka miwili ili atoe watoto kwenye mavumbi. Mwezi wa tatu, katikati ya mvua, alinunua mbao 20 za kalitusi, kila moja upana santimita 15, kwa chumba cha metre 3. Akaongeza ubao mmoja wa akiba, akauweka chini ya kitanda. Wiki ileile fundi akapiga misumari. Mbao zikabanana, hata karatasi haikuweza kupita.

Mwezi wa saba, kiangazi, mapengo yakaonekana. Kidole cha mtoto kinaingia. Usiku baridi inatoka chini, mtoto mdogo anakohoa. Mama akasema: « Ule fundi ni mwizi, alipima vibaya! » Fundi akajibu: « Mama, mie nilipiga vizuri. Ni muuzaji njo alikuuzishia mbao mubaya. » Walibaki kidogo tu kupelekana kwa shefu.

TULIPIMA

Mwenzetu akaleta maneno ndani ya darasa. Tukakata kipande cha mbao mpya kwa muuzaji, tukakipima: grama 624. Tukakikausha katika foru ya maabara, digri 103, mpaka uzito ukakataa kushuka: grama 400. Basi grama 224 zilikuwa maji tu! Ukigawanya 224 kwa 400, unapata 56 kwa mia. Kisha tukafanya vile kwa kipande cha ule ubao wa chini ya kitanda: kutoka grama 456 mpaka 400, ni 14 kwa mia tu.

Juu ya nini maji yanaleta mapengo? Mti umejaa vijumba vidogo sana. Kuna maji ndani ya vijumba, na kuna maji ndani ya kuta zake. Maji ya ndani yanatoka kwanza, na ubao haubadiliki. Lakini ukifika karibu 30 kwa mia, maji ya kuta yanaanza kutoka, nazo kuta zinakonda. Hapo njo ubao unapungua upana. Urefu haupungui, ao kidogo sana.

Tukapima mapengo: karibu milimita 8 kila moja. Mara 20 ni santimita 16. Muone! Ubao mmoja mzima na zaidi umepotea, na hakuna mtu aliyeuiba. Ni hewa njo iliukunywa.

JINSI TULIVYOTENGENEZA

Tulimwonyesha mama na fundi hesabu hiyo, nao wakacheka pamoja. Fundi aling'oa misumari, akasogeza mbao zote upande mmoja, akaongeza ule ubao wa chini ya kitanda. Ulikuwa umekauka sawa na wenzake. Palibaki karibu santimita 2. Hakuziba, aligawanya, santimita 1 kila upande wa ukuta, akafunika kwa kibao chembamba. Maana mvua ikirudi, mbao zitakunywa maji tena na kuvimba. Zikikosa nafasi, zitainuka katikati kama mgongo wa kobe. Mama alilipa kazi ya nusu siku tu.

KABLA YA KUNUNUA

1. Jua jina la mti. Kalitusi ni ngumu na inapatikana karibu, lakini inapungua na kupasuka sana ikikauka. Grevilea ni nyepesi, inakubali randa, ila miguu ya meza inaikwaruza. Kambala inatoka pori. Mchwa hauipendi, nayo ni bei. Fundi afunge pua akiisugua, vumbi yake inawasha.

2. Tazama kichwa cha ubao. Mistari ya miaka ikisimama wima, ubao huo utatulia. Ikilala kama upinde, utapungua karibu mara mbili zaidi na kujikunja.

3. Kausha mwenyewe. Panga mbao ndani ya kivuli, weka vijiti katikati ili hewa ipite, weka mawe mazito juu. Kila wiki peleka ubao uleule kwenye kilo ya soko. Uzito ukisimama wiki tatu, piga misumari.

4. Acha hewa chini. Inua sakafu juu ya mawe, usizibe matundu ya pembeni. Unyevu ukifungwa chini, mbao inaoza, na mchwa unapanda bila kuonekana.

5. Mafuta machafu ya motokari, yale watu wanapaka juu ya mchwa, usiyaingize ndani ya nyumba. Ni sumu, na mtoto anatambaa pale.

Wandugu, mwenye haraka analipa mara mbili. Ule mama anasema sasa: « Ningengojea miezi ile, tusingeteseka na baridi. » Mtoto hakohoi tena usiku. Na siye, hesabu ya kwa mia, ile tulikuwa tunaichukia, tumeona kazi yake.



Wanafunzi wa darasa la tano Sayansi