Mbegu ya Muhogo na Heshima ya Jirani

Hapa Unguja na Pemba, mbegu ya muhogo kwa kawaida huombwa kwa jirani, naye mwakani huja kuomba yake. Ada hii twaiunga mkono. Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mnafiki: majani huweza kuonekana mazima ilhali muhogo umekwisha oza ardhini, na kijiti kikaupeleka shamba la pili. Basi mtoaji na ang'oe mashina mawili matatu, aupasue muhogo mbele ya mwombaji. Wala mwombaji asione haya kutaka apasuliwe. Mbegu za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizotolewa mwaka 2007 kwa kustahimili maradhi hayo, zitajwe kwa majina yake zinapogawiwa. Nao wakuu wa kilimo wawapeleke mabwana shamba vijijini kabla ya masika, si watu wakisha panda.